Toa za Msichana

Chepkemei alingoja mpaka nyama ikapimwa na kupelekwa motoni, ndipo akamwambia Kihara wazungumze pembeni. Hakutaka kugombana naye mbele ya mkurugenzi wa kiwanda, wala mbele ya profesa wake. Lakini kugombana alitaka. Alikuwa amebeba neno tangu Jumapili.

Ilikuwa siku ya wageni. Kila muhula Profesa Namalwa alitoka chuoni akaja Nakuru kukagua kazi ya wanafunzi wa uzamili katika sayansi ya dawa, wale waliosomeshwa na kiwanda cha dawa cha hapo. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Kiwanda kilimlipia mwanafunzi karo na kumpa maabara, na akimaliza anakifanyia kazi miaka kadhaa. Chuo kilimpa elimu na shahada. Kila mwanafunzi alikuwa na wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kiwanda. Wa chuo alikuwa Profesa Namalwa. Wa kiwanda alikuwa Kihara, daktari wa sayansi hiyo hiyo.

Ukaguzi ukiisha, Bwana Muiruri, mkurugenzi, alikuwa na desturi ya kuwasindikiza wageni kwa barabara ya Nairobi hadi Kikopey, kwenye bucha za nyama choma, awalishe kabla ya kuwaaga. Alipenda kusema kwamba mkataba ambao haujaliwa nyama hauna miguu. Leo alikuwa na sababu ya ziada. Mkataba wa kwanza ulikuwa unaisha, na mpya ungekubaliwa hapo mezani.

Kihara alimfuata Chepkemei nyuma ya bucha, mahali magari yalipoegeshwa, akitembea taratibu na mikono mfukoni. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya kutulia, macho ambayo Chepkemei aliyapenda kabla hajajua jina la mwenyewe. Hata sasa, pamoja na hasira yote aliyokuwa nayo, moyo wake ulifanya kitu cha kipuuzi alipomwona anakuja. Akaukasirikia na moyo pia.

"Yaani umenimiss hivyo, mpaka hungeweza kungoja mbuzi?" Kihara aliuliza.

"Usicheke."

"Nani anacheka?"

"Meno yako yote iko nje, Kihara."

Akayaficha. Moshi wa nyama ulipita kati yao ukielekea bondeni, kule ziwa Elementaita lilikoonekana kama sahani nyeupe iliyoachwa juani.

"Nakuuliza kitu," Chepkemei alisema, "na usinijibu kama daktari. Nijibu kama mtu aliyekuja kwetu kuniposa. Vidonge vyangu viko wapi?"

"Kwa chemba. Si tumeviona na Profesa leo asubuhi?"

"Leo viko. Ile siku mlikuja kwetu, vilikuwa wapi?"

 Kihara alitazama kiatu chake, kisha barabara, kisha kiatu tena. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwanzo wa kufikiri. Kwa Chepkemei lilikuwa jibu.

Chemba ilikuwa kabati kubwa la chuma katika maabara ya kiwanda. Ndani yake joto na unyevu havipungui, mchana wala usiku, ili dawa izeeke haraka mbele ya macho ya mtu na ijulikane itadumu muda gani dukani. Vidonge vya Chepkemei vilikuwa vya watoto, vile vinavyoyeyushwa kwa maji ya kijiko, na adui wao mkubwa ni unyevu. Kazi yake yote ya uzamili ilikuwa swali moja tu: je, vidonge hivi vitavumilia? Ili swali lijibiwe, vilitakiwa vikae humo miezi sita bila kutolewa, isipokuwa vile vichache anavyovitoa yeye kuvipima. Vikitolewa, hata kama hakuna aliyeona, jibu si jibu tena.

"Ni Jerry wa maabara," Kihara alisema hatimaye. "Jerry amekuambia. Nitamshughulikia huyo."

"Hebu mguse Jerry uone."

"Kemei—"

"Jerry nilimwuliza mimi, na alikataa kunijibu mpaka nikamshika shati. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anatetemeka mbele yangu kwa sababu yako. Lakini si yeye aliyeanza. Aliyeanza ni baba."

"Mzee?" Kihara karibu acheke tena. "Mzee atajuaje mambo ya chemba?"

"Hajui chemba. Anajua Kikuyu."



Siku ile, miezi kadhaa iliyopita, Kihara alikuwa amefika nyumbani kwa kina Chepkemei, Rongai, upande wa Kampi ya Moto, pamoja na wajomba wake. Ilikuwa ziara ya kwanza, ya kubisha hodi na kusema nia. Walisimama langoni mpaka wakakaribishwa, wakaingizwa, wakapewa viti na mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, kwenye vikombe vikubwa. Chepkemei mwenyewe alikuwa amemwonya Kihara mapema: ukishakaa, usisimame ovyo mpaka wazee wamalize, maana mposaji akitoka nje katikati ya maneno, watu watasema msichana amemshinda. Kwa hiyo simu ilipolia, Kihara hakusimama. Alitabasamu kuomba radhi, akaipokea pale pale kitini karibu na Mzee Kemboi, akainamisha kichwa na kusema maneno machache kwa Kikuyu. Kisha akaizima, akainua kikombe, akanywa. Shangazi zake Chepkemei walimsifu. Walisema kijana ana heshima, amezima simu.

"Baba aliendesha lori la maziwa Subukia kabla mimi sijazaliwa," Chepkemei alisema. "Amebishana bei na mama zenu mpaka wakampa jina. Anaongea Kikuyu kuliko wewe uliyekulia mjini. Hukujua kwa sababu hukuuliza. Ulituona tu, ukaamua hapa hakuna anayesikia."

"Alisikia nini?"

"Sema wewe. Ni maneno yako."

"Kemei, tafadhali."

"Basi nitakusemea. 'Toa za msichana, weka zetu. Jumatatu uzirudishe kabla hajafika.'" Sauti yake ilitikisika, akaikaza. "Baba alikaa na hiyo kitu mpaka Jumapili hii. Tulikuwa tunakamua. Akaniuliza pole pole, unajua vile huuliza. 'Chepkemei, wewe huko kazini uko na vitu gani vinaweza kutolewa?' Nikamwambia sina. Akasema, 'Uko nazo. Kijana wako alizitoa akiwa amekaa kwa kiti changu.'"

Kihara alijishika kiunoni, akageuka, akatembea hadi kwenye gari la mkurugenzi na kurudi. 

"Kwa nini hakusema siku hiyo?"

"Ulikuwa mgeni wake. Kikombe kilikuwa mkononi mwako. Kwetu mtu hakatizwi akinywa."

"Mungu wangu."

"Na wajua alifanya nini mlipoenda? Shangazi zangu walianza. Huyu si wa kwetu, watoto wataongea lugha gani, Krismasi wataenda wapi. Baba akawanyamazisha wote. Akasema binti yake hajamletea kabila, amemletea mtu. Alikutetea, Kihara! Na alikuwa ameshakusikia!"

Mhudumu mmoja wa bucha, aliyekuwa akipita na beseni la maji, aliwatupia jicho akaongeza mwendo.

"Sasa nisikilize na mimi," Kihara alisema. Alikuwa ameinua mikono, viganja wazi. "Chemba ile ingine iliharibika siku hiyo hiyo. Tulikuwa na dawa za mteja ndani, dawa ambazo Muiruri alikuwa ameahidi majibu yake. Jerry ananipigia, anasema zinapoa, chemba inayofanya kazi ni yako tu, afanye nini? Na mimi niko wapi? Niko kati ya wajomba wangu na baba yako. Nikisimama nimekukosa. Si ni wewe uliniambia nisisimame?"

"Ndiyo, mimi."

"Ndiyo. Sasa ningefanya nini?"

"Nilikuwa jikoni!" Chepkemei alisema kwa nguvu, kisha akajikumbusha meza ya wageni, akashusha sauti. Ilipotoka chini ilikuwa na hasira zaidi. "Ukuta mmoja, Kihara. Niite. Mtume mtoto yeyote aniite. Ningekuja hapo mlangoni na aproni yangu na unga mkononi, niseme, 'Baba, huyu nimemtuma mimi, kazi yangu inaharibika.' Baba angekushikia mlango utoke. Baba huyo ameacha harusi ya ndugu yake akaenda kuzalisha ng'ombe! Unafikiri haelewi kazi?"

"Nilifikiri ni wikendi moja tu."

"Ilikuwa moja?"

Swali hilo Kihara hakulitarajia. Macho yake yalikwepa, na safari hii hayakurudi haraka.

"Chemba ile ilichukua muda kutengenezwa," alisema.

"Mara ngapi?"

"Kila za mteja zilipokosa nafasi."

"Yaani mara nyingi."

"Wikendi, Kemei. Wikendi tu. Zilikuwa kwa kabati safi, kavu—"

"Kavu!" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Unasikia ulivyosema? Kavu. Zangu zinatakiwa ziteseke kwa unyevu, na kila wikendi unazipeleka likizo. Si ndiyo maana hazikuharibika? Si ndiyo maana matokeo yangu ni mazuri hivyo, mpaka Profesa ameniambia leo nitaandika makala?"

Kihara alipiga jiwe dogo kwa kiatu.

"Na ukanipongeza." Hapo ndipo machozi yalipokaribia, na Chepkemei aliyazuia kwa kumkazia macho. "Siku nilimaliza kupima, nikaona zimevumilia, nilikupigia simu nikilia kwa furaha. Ukanipeleka Menengai. Ukanibeba juu pale ukingoni mwa kreta, watu wanatuangalia, ukasema mke wangu ni kichwa. Ulijua. Ulinibeba ukijua."

"Nilifurahi kwa sababu ulifurahi."

"Ulifurahi kwa sababu hukushikwa."

Neno hilo lilimpata. Chepkemei aliweza kuona lilivyompata, kwa jinsi bega moja lilivyoshuka. Kwa muda mfupi hakuwa msimamizi wa mtu wala daktari wa mtu, alikuwa tu mwanamume aliyekosa usingizi, na Chepkemei alitamani kumshika shavu. Aliukunja mkono wake kifuani ili usiende.

Kihara alimsogelea hatua moja. Aliongea chini, kwa ile sauti ambayo huitumia wakiwa wawili.

"Sawa. Nimekosa. Lakini fikiria na kichwa sasa, si na hasira. Ukisema leo, mkataba unakufa hapo mezani. Profesa atachukua wanafunzi wake aende. Kuna wale wawili wa mwaka ujao, wameshaambiwa wamepata. Wanatoka mbali, hawana mtu wa kuwalipia. Utawaambia nini? Na wewe? Uko karibu kumaliza. Utaanza tena? Nani atakulipia tena? Malizia, upate shahada, halafu mimi nikuahidi, kabla hiyo dawa haijaenda sokoni tutairudia upya, sisi wenyewe, kimya kimya. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mbali na wewe."

"Mbali na mimi hakuna mtu, Kihara. Jina kwa hiyo kazi ni langu. Mama fulani huko Busia ataweka hizo vidonge juu ya kabati, nyumba yake inavuja, mvua miezi mitatu. Vikiharibika hajui. Atampa mtoto kitu ambacho hakifanyi kazi, na mtoto ana nimonia. Nitamwambia nini, samahani, zangu zilizoea wikendi?"

"Na mimi?" Kihara aliuliza. "Hata hujaniuliza. Wakijua, mimi naenda nyumbani."



"Sasa tumefika," Chepkemei alisema. "Umezunguka na wanafunzi wa watu, umezunguka na shahada yangu, umefika. Ungeanza na hiyo ningekuheshimu. Mtu kuogopa kupoteza kazi si dhambi. Lakini kunitumia mimi kama blanketi ya woga wako, hiyo sitaki."

"Unanipenda wewe?"

"Usiniulize hiyo hapa."

"Nakuuliza hapa. Unanipenda?"

"Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeenda kwa Profesa Jumatatu, sasa hivi uko nyumbani unatafuta kazi. Nimekaa na hii kitu siku zote hizi nikingoja uniambie mwenyewe. Kila asubuhi nafika, nasema leo atasema. Unaniletea maandazi. Maandazi, Kihara!"

Kihara alinyoosha mkono akaushika wake. Chepkemei hakuutoa mara moja. Kiganja kile alikijua, pamoja na kovu dogo la chupa iliyovunjika, na ngozi yake ilikikaribisha kabla hajaiambia ikatae. Kisha akautoa.

"Boss! Madam!" Mhudumu alitokea kwenye kona ya ukuta, kisu mkononi. "Mbuzi imeiva, mzee anawaita. Anasema mapenzi haishibishi, mkuje mkule."

Walirudi mezani bila kutazamana.

Nyama ilikuwa imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, ugali ukitoa mvuke. Bwana Muiruri, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa amekunja mikono ya shati. Profesa Namalwa alikaa mkabala naye, mwanamke mwembamba wa makamo, miwani imeshushwa puani, akila polepole kama anayesahihisha mtihani.

"Hawa nao!" Muiruri aliita. "Profesa, unaona? Sisi tunahangaika kuozesha kiwanda na chuo, hawa wawili wametutangulia."

"Nilishasema," Profesa alisema. "Wakioana, msimamizi abadilishwe. Mume hasahihishi kazi ya mke."

"Tutabadilisha, tutabadilisha. Hiyo ni kitu ndogo. Kubwa ni kwamba huyu msichana ametutoa aibu. Vidonge vya mtoto vya kwetu, vya hapa hapa Nakuru, na vimesimama kama askari! Wenzetu wa Nairobi watalia." Akasukuma kipande kinono mbele ya Chepkemei. "Kula, mama. Hiyo ni mbavu ya mshindi."

Chepkemei aliitazama ile mbavu.

"Hugusi?" Profesa aliuliza. "Mtu mwenye matokeo kama yako anakula kwa mikono miwili."

"Profesa," alisema, na akashangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu, "matokeo yale usiyachukue. Si ya kweli."

Muiruri aliacha kutafuna.

"Sikuyatunga," Chepkemei aliendelea. "Nilipima nilichokikuta. Lakini vidonge vilikuwa vinatolewa kwenye chemba wikendi ili nafasi itumike kwa dawa za kiwanda, halafu vinarudishwa kabla sijafika. Si mara moja. Mimi nimejua wiki hii. Kwa hiyo sijui kama vidonge ni vizuri. Hakuna anayejua."

 Kutoka bucha ya jirani waliita wateja kwa sauti ya kuimba, na lori likapita likinguruma.

"Nani alitoa?" Profesa aliuliza.

Chepkemei hakumtazama Kihara. Alijua hasa alipokaa, alisikia pumzi yake upande wa kushoto, na hakugeuka. Jina lilikuwa kwenye ulimi wake. Aliliacha hapo. Si kwa kumficha. Alitaka kujua kama amekubali kuolewa na mtu au na kivuli, na hakukuwa na njia nyingine ya kujua.

Kihara alichukua chumvi kwa vidole viwili. Akairudisha.

"Nani alitoa?" Muiruri alirudia, na uso wake ulikuwa umeiva. "Ni huyo fundi wa maabara! Huyo Jerry! Nilijua. Funguo ziko na yeye. Jumatatu hataingia getini, nawaambia, na hatafanya kazi kwa kiwanda chochote hapa Rift Valley. Mtu anahujumu mpango mzima—"

"Si Jerry," Kihara alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Alilazimika kusema tena.

"Si Jerry, mzee. Jerry alipiga simu kuuliza. Mimi ndiye nilimwambia atoe. Mara ya kwanza na zile zingine zote."

Muiruri alimtazama, akamtazama Chepkemei, akarudi kwake. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe.

"Wewe? Wewe niliyekuweka hapo?"

"Mimi. Uliniambia majibu ya mteja yasichelewe. Sikukuuliza tutafanya nini na zake. Nilijua ungeniambia ningoje, au ungeniambia nizitoe, na sikutaka kusikia yoyote kati ya hizo."

"Na wewe!" Hasira ya Muiruri ilitafuta mahali pengine. "Wewe msichana nakulipia karo! Unangoja nimekaa na wageni, nyama iko mezani, ndiyo unanivua nguo?"

"Ulinilipia nikuambie kama vidonge ni vizuri, mzee," Chepkemei alisema. "Nimekuambia. Ningesema uongo ndio ningekuwa nimekula pesa yako bure."

"Atarudia kazi," Profesa Namalwa alisema, bila kupandisha sauti. "Vidonge vipya, tangu mwanzo. Kiwanda kitalipia huo muda, maana kosa ni la kiwanda. Chemba yake itafungwa na kufuli, ufunguo utakaa naye, na Daktari Kihara hatamsimamia tena."

"Na mkataba?"

"Mkataba sikubali leo." Alijikatia kipande, akakichovya chumvini. "Nitakula nyama yako, Bwana Muiruri, kwa sababu huyu mbuzi hana kosa. Lakini nitarudi vidonge vikishazeeka vizuri, na tutaongea siku hiyo. Wale wanafunzi wawili wako na mimi. Usiwaguse kwa hasira."

Muiruri alitupa kitambaa mezani, akainuka, akaenda kusimama kando ya barabara na simu sikioni, ingawa haikuonekana kama kuna aliyempigia.

Chepkemei naye alisimama. Hakuwa ameonja kitu. Profesa alikuwa amemwambia kwa sauti ya chini kwamba atamrudisha Nakuru yeye mwenyewe, safari ya Nairobi ingengoja, na hilo lilikuwa zuri, maana asingeweza kukaa gari moja na mkurugenzi. Alielekea kwenye magari. Nyuma yake alisikia viatu alivyovitambua.

"Nimesema," Kihara alisema.

Hakugeuka. "Umesema baada ya jina la Jerry."

"Lakini nimesema."

"Ndiyo. Ndiyo maana bado naongea na wewe."

Alikuja akasimama mbele yake. Hakujaribu kumshika. Macho yake yalikuwa mekundu, na inawezekana ulikuwa moshi.

"Sijui kama Jumatatu niko na kazi," alisema.

"Sijui pia."

"Umeridhika?"

"Niridhike na nini? Mwaka wangu umeenda! Ninarudi kwa kidonge cha kwanza kama mtu ambaye hajasoma. Nina hasira na wewe mpaka mikono inaniuma. Nikikuangalia naona yale maandazi." Alipangusa uso kwa nyuma ya mkono, kwa ukali. "Usithubutu kuniuliza kama nimeridhika."

"Na Jumamosi?"

Jumamosi ndiyo siku wajomba wa Kihara walitakiwa kurudi Rongai kwa ziara ya pili, ya kutaja ng'ombe wa mahari. Shangazi zake Chepkemei walikuwa wameshaanza kufua mapazia.

"Waambie wazee wako wabaki nyumbani."

 "Umenikataa?"

"Nimesema wabaki nyumbani. Baba hatapokea mtu mpaka nimwambie apokee, na mimi sina hamu ya kumwambia. Jumamosi niko maabara. Napanga vidonge upya, moja moja, chupa kwa chupa, na nitafunga mlango mwenyewe."

"Ni kazi ya watu wawili hiyo."

"Najua ni kazi ya watu wawili. Profesa amekutoa kwa chemba yangu. Si ulisikia?"

"Sitagusa chemba. Nitabandika lebo kwa chupa. Nitafagia. Kama wameshanifukuza nitakaa nje ya geti nikungoje."

Chepkemei alifungua mlango wa gari la Profesa, akaingia, akaufunga kwa kishindo kiasi kwamba mkata nyama alichungulia kwenye dirisha la bucha. Alikaa hapo akitazama mbele, mdomo umekazwa. Kihara hakuondoka. Alisimama tu kwenye vumbi, mikono nje ya mifuko, kama mtu ambaye hakumbuki alikuwa akienda wapi.

Kioo kilishuka kidogo, upana wa kiganja.

"Jumamosi asubuhi," Chepkemei alisema, bado akitazama mbele. "Na uje umekunywa chai kwako. Mimi sitakupikia."